Usinunue nyumba kwa nambari moja

Watu wetu walioko Marekani wanapofikia hatua ya kununua nyumba, swali la shule huja kabla ya swali la jikoni. Na wana haki. Kule mtoto wa shule ya msingi ya umma kwa kawaida hupangiwa shule kwa anwani ya nyumbani, kwa hivyo ukinunua nyumba umenunua na shule. Basi mzazi anafungua tovuti ya nyumba, anaona kila shule imepewa alama ya GreatSchools, 1 hadi 10, na anaanza kuchuja: chini ya 7 hataki hata kuona picha.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Nikiona mfumo unaomeza data nyingi na kutoa nambari moja, huuliza kwanza ulilishwa nini.

Chukua Massachusetts, ambako Wakenya ni wengi Lowell na Worcester. Mtihani wa jimbo, MCAS, huanza darasa la 3. Shule inayoanzia chekechea na kuishia darasa la 4 inapimwa kwa madarasa mawili tu! Tuseme darasa lina watoto 60. Watoto 3 wakifanya vibaya, hiyo ni asilimia 5 ya darasa. Mwaka huu shule inaonekana imeporomoka, mwaka ujao imepanda, na walimu ni wale wale.

Halafu kuna jambo zito zaidi. Alama za mtihani hufuata sana mfuko wa mzazi. Mtoto anayeingia chekechea akiwa tayari anasoma hakufundishwa hayo na shule, lakini shule ndiyo inayosifiwa. Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alichambua matokeo ya mitihani ya nchi nzima, na mwaka 2017 akaonyesha kwamba watoto wa shule za umma za jiji la Chicago, kati ya darasa la 3 na la 8, walikuwa wakipiga hatua ya karibu miaka 6 ndani ya miaka 5. Wastani wao ulikuwa bado chini. Anayeangalia wastani pekee angezikimbia shule zile zile zilizokuwa zikifanya kazi.

GreatSchools siku hizi huchanganya maendeleo ya mwanafunzi katika alama yake, na hilo ni jema, lakini mwishowe bado unapewa nambari moja. Afadhali uende kwenye tovuti ya idara ya elimu ya jimbo lenyewe. Massachusetts huchapisha kipimo cha ukuaji: kila mtoto hulinganishwa na wenzake waliokuwa na alama kama zake hapo awali, na 50 ni katikati. Ila darasa la 3 halina alama za awali, kwa hivyo katika shule ile ya mfano wetu ukuaji wote unatoka darasa la 4. Soma miaka kadhaa kwa pamoja, ukikumbuka kwamba mwaka 2020 mtihani haukufanywa kwa sababu ya Korona. Tazama pia matokeo ya watoto wa kipato cha chini na wanaojifunza Kiingereza. Hapo ndipo utajua shule inamfanyia nini mtoto asiye na mwalimu wa ziada nyumbani.

Bei je? Mwanauchumi Sandra Black alilinganisha nyumba za vitongoji vya Boston zilizo pande mbili za mpaka wa shule, ndani ya wilaya moja ya elimu. Katika utafiti wake wa 1999 alikuta wazazi wako tayari kulipa asilimia 2.5 zaidi kwa ongezeko la asilimia 5 la alama. Kwa nyumba ya dola 600,000, hizo ni dola 15,000, na kama ni za mkopo wa miaka 30, ongeza riba. Na mpaka wenyewe unaweza kuchorwa upya! Kabla ya kutia sahihi, piga simu ofisi ya wilaya ya elimu, uwape anwani kamili, uulize kama kuna mpango wa kubadilisha ramani.

Sisi tuliokua tukisoma orodha za shule bora za KCPE gazetini twajua mchezo huu. Kuna shule zilizowarudisha darasa wanafunzi dhaifu ili kulinda wastani, na mwaka 2014 serikali ikapiga marufuku orodha hizo.

Mimi ningechagua shule yenye alama 5 na ukuaji wa 60, niiache yenye 9 na ukuaji wa 38. Hizo dola zinazobaki ni nauli ya watoto kuja kumwona nyanya.