Slaidi ya mwisho

Katika baadhi ya shule za msingi Uingereza, watoto wa miaka 11 wanaojiandaa kuingia sekondari mwezi Septemba hutengeneza slaidi za kujitambulisha kwenye kompyuta: picha ya paka wa nyumbani, timu wanayoshabikia na, mwishoni, kinachowatia hofu. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye thamani. Paka anaweza kusubiri. Kwetu Tanzania, mwalimu wa kidato cha kwanza humpokea mtoto Januari akijua zaidi alama zake za mtihani, na katika shule za serikali karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Kompyuta hazitoshi, sawa. Basi itumike karatasi ya daftari, mtoto ajieleze kwa Kiswahili, na walimu waisome kabla ya kipindi cha kwanza.