Mtoto wa Rafiki Yako

Ukipita Bahi jioni, mpunga ukiisha kuvunwa, utaona watoto wakifukuza mpira kiwanjani. Yumkini kati yao yumo mmoja asiye na baba. Basi leo nisikilize nikupe habari ya yatima wa nchi ya mbali, Australia.

Huko wana mpira wao wa namna nyingine. Umechongoka kama yai. Kila upande una watu 18, nao wana ruhusa kuudaka, kuupiga teke, hata kuupiga ngumi. Bwana Ron Barassi aliuchezea klabu ya Melbourne. Mwaka 1940 klabu hiyo ilitwaa ubingwa, naye alikuwamo kikosini. Lakini vita kuu ilikuwa imekwisha kuanza, naye akawa askari. Tarehe 31 Julai 1941 aliuawa Tobruk, katika Libya, akazikwa huko huko. Aliacha mjane na mtoto wa miaka 5, aliyeitwa Ron kama babaye.

Wewe wajua mambo ya matanga. Siku za kwanza watu hujaa uani, na kila mtu huahidi. Masika moja ikipita, mjane yu peke yake jarubani.

Wenzake Barassi hawakufanya hivyo. Siku zile kijana alipaswa kuchezea klabu ya mtaa anaokaa. Melbourne wakaomba mtoto wa marehemu aruhusiwe kuja kwao, wakakubaliwa. Norm Smith, aliyekuwa na baba yake katika ubingwa wa 1940, sasa alikuwa mwalimu wa timu. Mama wa kijana alipohamia Tasmania, Smith alimpa mahali pa kulala nyumbani kwake, akamlea.

Mwaka 1953 kijana akaanza kucheza. Fulana yake ilikuwa namba 31, ile ile ya baba yake. Akiwa na klabu hiyo alitwaa ubingwa mara 6, na jina lake likajulikana nchi nzima. Alifariki mwaka 2023, mzee wa miaka 87.

Vijana wa Tanganyika nao walipelekwa katika vita ile, Uhabeshi, Madagaska na Burma, na wako wasiorudi. Siku hizi baba hufa kwa maradhi au kwa ajali barabarani, lakini mtoto anayebaki ni yule yule.

Nawe, ndugu, yule rafiki uliyembebea jeneza, mtoto wake yuko darasa la ngapi sasa? Kama hujui, usingoje mavuno mengine. Nenda kaulize.