Eti kipimo hakijalishi?

Jamani, kuna hoja moja imenichosha. Ukiwauliza watu wa programu za minara ya simu kuhusu kukuza namba kabla ya kuziingiza kwenye kisimbuzi (si kile cha televisheni, ni kile kinachosahihisha makosa ya biti), wanakujibu: "Tunatumia Max-Log-MAP, hiyo haijali kipimo." Wanaweka namba moja isiyobadilika, wanaenda kunywa chai.

Twende polepole. Mnara ukipokea mawimbi ya simu yako hauamui papo hapo kwamba hii ni 0 na ile ni 1. Unakipa kisimbuzi namba: kuwa chanya au hasi kunasema ni biti gani, ukubwa wake unasema uhakika ni kiasi gani. Kelele ikiongezeka mara nne, uhakika unatakiwa kubaki robo. Misimbo ya turbo, ambayo Claude Berrou na wenzake waliileta hadharani Geneva mwaka 1993 na baadaye ikaingia 3G na 4G, inategemea sana uhakika huo.

Ni kweli, kwenye karatasi Max-Log-MAP haijali. Zidisha namba zote kwa 2, jibu ni lile lile. Lakini zote! Tena karatasi haina chipu ya biti 6, ambako namba zinaishia -32 na 31. Kuza mno, mwenye shaka na mwenye hakika wote wanasoma 31. Punguza mno, wote wanakuwa 0 au 1.

Kibaya zaidi ni pale ujumbe unapotumwa mara ya pili. Mnara hautupi ule wa kwanza, unajumlisha namba za awamu zote mbili. Sasa kama awamu ya kwanza ilikuwa na kelele mara nne, nawe umezipa zote kipimo kimoja, umempa mlevi kura sawa na shahidi. Hapo Max-Log-MAP haikuokoi.

Na ajabu, watu hao hao ndani ya kisimbuzi wanazidisha namba kwa 0.75 au karibu na hapo, kwa sababu Max-Log-MAP hujiamini kupita kiasi. Kwa hiyo kipimo kinajalisha, ila tu mlangoni ndipo hakijalishi?

Wataniambia kukadiria kelele ni kazi. Mnara tayari unapokea alama unazozijua mapema, na kutoka humo unaweza kuikadiria. Makadirio ni ya juu juu, sawa, lakini yanafuata hali ya sasa hivi kuliko namba iliyochaguliwa maabara.

Anayelipa ni yule aliye mbali na mnara. Ukipoteza nusu desibeli, simu yake inatakiwa kutuma kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 12, na ikiwa tayari imefika kikomo, ujumbe unarudiwa na betri inaisha.

Na msinijie na 5G. Huko data inatumia LDPC, na visimbuzi vyake rahisi vya min-sum navyo vinajiamini kupita kiasi vile vile.