Mutoto anaenda Lubumbashi, Likasi inabaki na nini?

Kamarade wa kazi, bamama na batata wa Likasi, leo sitasema juu ya mushahara. Nitasema juu ya mupira. Lakini musome mpaka mwisho, mutaona kama hatuko mbali na mushahara.

Miye ni mutu wa Mazembe tangu utoto. Ku nyumba yetu, kule Panda, kaka yangu mukubwa alikuwa wa Lupopo. Siku ya derby, mama alikuwa anapika bukari na kuweka kila mutu sahani yake, kusudi tusikutane mikono mu sahani moja na kupigana. Nasema vile juu mutu asifikiri kama nakuja kuharibu jina la ekipe. Mutu mwenye anapenda ekipe yake njo anapashwa kuiambia ukweli.

Kila wakati wa transferi, mu bisi ya kwenda kazi hatusemi kitu ingine. "Banaleta tena mu-Zambia." "Ule kijana wa kushoto, juu ya nini habamupange?" "Bamuache aende, miguu yake imechoka!" Kila mutu ni kocha, na miye vilevile. Tunahesabu majina yenye yanaingia na yenye yanatoka. Lakini kuko ulizo moja lenye hatuulizake: hawa wachezaji, mbele ya kuchaguliwa, nani aliwalea? Na ule mwenye aliwalea, anabaki na nini?

Kwanza tuheshimu kazi yenye imefanywa. Hii ekipe ilizaliwa mu 1939 ku mapadri Wabenedikto wa Lubumbashi. Mu 1967 na 1968, wakati ilikuwa inaitwa Englebert, ilitwaa kombe la Afrika mara mbili kwa kufuatana. Kiisha tulingoja miaka mingi sana. Mu 2009 kombe likarudi, mu 2010 tena, na mu 2015 mara ya tano. Sitasahau siku ile ya Disemba 2010 kule Abu Dhabi. Mputu, mwenye sisi wote tulikuwa tunamutegemea, alikuwa amefungiwa, hakucheza. Watu walikuwa wanasema: bila Mputu tutafanya nini mbele ya Wabrazili wa Internacional? Kabangu akaweka ya kwanza, Kaluyituka akaweka ya pili, na Kidiaba akacheza ngoma yake ya matako mbele ya dunia muzima. Ilikuwa mara ya kwanza ekipe ya Afrika kufika final ya kombe la dunia la maclub. Inter ilitupiga 3-0 ku final, lakini hatukupata haya. Siku ile nilielewa kama ekipe haiko jina moja. Ekipe ni wale wenye kukaa ku banki wakingoja, wenye kujua kazi siku wanaitwa.

Na sitaki mutu aniambie kama miye ni adui wa wageni. Ku sendika tunajua vizuri: siku unaanza kuchukia mufanyakazi juu alitoka inchi ingine, patron anacheka. Mbwana Samatta alitoka Simba ya Dar es Salaam, akafika kwetu mu 2011. Alikuja kijana. Mu 2015 alitupatia kombe, yeye na Ulimwengu, na Kalaba wa Zambia, na Assalé wa Côte d'Ivoire, pamoja na watoto wa Congo. Mu final, USM Alger tuliipiga kwao 2-1 na hapa kwetu 2-0. Kiisha Samatta akaenda Genk, ku Ubelgiji. Ule alikuwa muchaguo muzuri: walimuona mapema, wakamupa muda, akazaa matunda. Nani wa Likasi hakumushangilia?

Kwa hiyo shida haiko mugeni. Shida ni namna ya kuchagua, na hesabu yenye inafuata.

Acha nitoe mufano wa mbali. Ku Marekani, mu basket ya NBA, kuko desturi moja inaitwa drafti. Kila mwaka vijana wapya wanatolewa mbele ya ekipe zote, na kila ekipe inachagua kwa zamu. Lakini angalia nani anachagua mbele: haiko ule mwenye alishinda. Zile ekipe zenye zilipigwa sana njo zinapata nafasi kubwa ya kuchagua kwanza, kwa njia ya kura. Mu 1991, Denver ilikuwa imepoteza michezo 62 ku michezo 82. Ikapata nafasi ya 4, ikamutwaa Dikembe Mutombo, mutoto wa Kinshasa. Mu 2011, Bismack Biyombo, mutoto wa Lubumbashi hapa jirani, alichaguliwa wa 7. Wamarekani wanapenda feza, tunajua. Lakini hata wao waliona kama tajiri akichagua wa kwanza kila mwaka, mashindano yanakufa, na watu hawaji tena ku kiwanja.

Hapa kwetu Katanga ni kinyume. Ule mwenye nguvu njo anachagua kwanza, na anachagua pa pili, na pa tatu. Zenye zinabaki zinaokota. Panda B52 yetu imecheza mu Linafoot na kiwanja chetu cha Kikula kimepokea ekipe kubwa za inchi. Lakini kijana akionyesha miguu mizuri ku Kikula musimu moja tu, musimu wenye unafuata tunamuangalia ku televisheni na mavazi ya Lubumbashi. Tunafurahi, tunasema "ule ni wa kwetu". Kiisha Panda inaanza tena ku zero. Mwaka kwa mwaka.

Sisemi mutoto abakie. Hapana! Mutoto wa muchimbaji akipata kazi kwa miguu yake, aende, na baraka zetu zote. Mimi nauliza tu: yenye kubaki Likasi ni nini?

Sasa niwaambie jambo lenye lilinifanya nitwae kalamu. Mama moja wa kartye yetu, bwana yake ni muchimbaji kama sisi, alikuja kunitafuta siku ya yenga mangaribi. Alikuwa na karatasi mu kitambaa. "Delege, weye unajua Kifransa ya bakubwa. Unisomee hii mbele niweke mukono." Mutu alikuwa amekuja kumutwaa mutoto wake wa miaka 14, kumupeleka "centre" ya mupira. Nikasoma. Ilikuwa inasema kama muzazi anamutoa mutoto kwa mapenzi yake, na kama hatadai kitu. Jina la club halikuwa pale. Wala tarehe ya mwisho. Wala musemo hata moja juu ya masomo.

Nikaenda kuona ule mwenye anafundisha mutoto. Ni mutu wa kazi ya usiku, anatoka ku usine asubui, analala kidogo, saa kumi anaita watoto na filimbi. Tangu mutoto alikuwa na miaka 10, yeye njo anamufundisha. Nikamuuliza: "Lisansi yake iko wapi?" Akanitolea kayee ya shule, jalada lake limeliwa na mvua. Majina yote yalikuwa mule, na kalamu ya risasi. "Delege, miye niko na hii tu." Mutu amefanya kazi miaka ine, na alama ya kazi yake ni kalamu ya risasi.

Pale nilimukumbuka baba yangu. Alitumika miaka mingi mu kampuni moja. Siku ya kuhesabu mafao yake, walikuta miaka ingine haikuandikwa mu karatasi. Alikuwa ameshuka mu shimo, alikuwa amekohoa lile vumbi, lakini karatasi ilisema kama hakuwa pale. Na karatasi njo ilishinda. Tangu siku ile nilijua kama kazi yenye haikuandikwa, mbele ya sheria haikufanywa.

Na mu mupira ni vilevile. Sheria iko! Wengi hawajui. FIFA inasema kama muchezaji akiuzwa ku inchi ingine mbele kontra yake iishe, 5% ya ile feza inapashwa kugawanywa ku maclub yote yenye yalimulea tangu mwaka wa miaka 12 mpaka 23. Kwa kila mwaka kuanza 12 mpaka 15, ni 0,25%. Kwa kila mwaka kuanza 16 mpaka 23, ni 0,5%. Fanya hesabu na miye. Tuseme kijana alikuwa na lisansi ya club ya Likasi kuanza miaka 12 mpaka 17, ni miaka 6. Kiisha anaenda Lubumbashi, na siku moja anauzwa Ulaya dola 1.000.000. Miaka 4 ya kwanza inafanya 1%. Miaka 2 yenye kufuata inafanya 1% tena. Likasi iko na haki ya dola 20.000. Na dola 20.000, club ya kartye inaweza kununua mipira, viatu, kulipa bisi, kupatia ule mufundishaji wa kayee kitu kila mwezi. Tangu 2022 FIFA iko hata na ofisi yake ya kugawanya ile feza. Lakini ile ofisi inafuata karatasi. Kama mutoto hakuandikwa, na kama club yenyewe haikuandikishwa ku federasio, basi Likasi haimujui ule mutoto. Ni vile.

Sisi watu wa mine tunapashwa kuelewa hii kuliko watu wote. Kodi ya mine ya 2018 inagawanya redevansi: 50% ku serkali ya katikati, 25% ku provensi, 15% ku muji ao chefferie yenye mashimo iko, na 10% ku feza ya vizazi vyenye vitakuja. Tunapigania ile 15% kila siku, tunauliza imeenda wapi. Na tunajua musingi wake: jiwe lenye halikupimwa halilipi redevansi. Lori ikitoka usiku bila kupita ku balansi, muji haupate kitu. Sasa mutoto wetu naye anatoka kama lile lori. Anatoka bila kupimwa.

Najua yenye mutanijibu. Mutasema: "Delege, Mazembe inapashwa kushinda leo, haiko kazi yake kutunza Likasi." Ni kweli kidogo. Hata miye siku ya muchezo sitaki hotuba, nataka goli. Na ekipe ilifungua akademi yake ya kufundisha vijana, ile ni kazi nzuri. Lakini akademi nayo inachota ku kisima cha mutu. Ukichota kila siku na hautunzi kisima, siku moja utatoa matope. Siku ile utalazimishwa kununua kila muchezaji mbali, kwa bei ya mbali. Kwa hiyo kutunza kisima ni faida ya Mazembe yenyewe, na ya Lupopo vilevile, kaka yangu asifikiri namusahau.

Sasa tufanye nini? Miye naona mambo yenye tunaweza kuanza hapa hapa, bila kungoja Kinshasa.

Muzazi, mutafute mutoto wako cheti cha kuzaliwa, na kopi moja ibakie mu nyumba. Mutu akikuletea karatasi ya mupira, usiweke mukono siku ile ile. Mwenye haraka anaficha kitu. Wafundishaji wa kartye, mwende ku entente ya mupira ya muji, mujiandikishe, na kila mutoto wa miaka 12 apate lisansi yake. Kayee ya kalamu ya risasi ni ushuhuda wa moyo, lakini haiko karatasi ya sheria.

Wakubwa wa Panda na wa maclub ingine ya Likasi: muchezaji akienda Lubumbashi, musipokee tu mavazi na mipira na picha ya kupeana mikono. Muandike mu kontra sehemu yenu siku atauzwa tena. Kwa 10% ya kuuza tena, club inaweza kulea kizazi kizima.

Na weye Mazembe, ekipe yangu: siku unatangaza muchezaji mupya, sema vilevile club yake ya kwanza, kule alivaa viatu mara ya kwanza. Haikulipishi kitu. Na ku banki, mupatie kijana wa provensi nafasi ya kuharibu na ya kujifunza, kama mulivyomupa Samatta muda. Mutoto wa hapa naye anastahili uvumilivu ule wenye tunamupa mugeni.

Upande wangu, nimekwisha kusema na madelege wenzangu. Karatasi tunajua kuzisoma, ni kazi yetu ya kila siku. Muzazi yeyote wa mine mwenye anapewa kontra ya mupira ya mutoto wake, atuletee, tutaisoma naye pasipo kulipa.

Ile karatasi ya mama, tuliirudisha. Tulimuomba ule mutu aandike jina la club, tarehe, masomo, na jina la ule mufundishaji wa kayee. Alisema atarudi. Mpaka leo tunamungoja. Mutoto bado anacheza ku kiwanja cha vumbi kila saa kumi, na sasa lisansi yake iko njiani. Akirudi mwenye nia nzuri, atamukuta mutoto, na atakuta mutoto ameandikwa.