Acheni kuilisha HOMER bei za kubahatisha!

Leo nina neno na wenzangu wanaotumia HOMER, ile programu ya kupanga mifumo ya umeme iliyozaliwa katika maabara ya NREL kule Marekani. Mtu anaingiza bei ya paneli za kilowati 1, anabonyeza kitufe, kisha anatangaza kwamba kijiji fulani cha Turkana kinahitaji kilowati 100. Jamani!

Ukijaza mstari mmoja tu kwenye jedwali la gharama, programu inazidisha moja kwa moja. Tuseme kilowati 1 ni Sh120,000. Basi kilowati 100 ni Sh12,000,000. Sasa ongeza mstari wa pili: kilowati 10 kwa Sh900,000, maana anayenunua nyingi hupunguziwa. Programu inaendeleza mteremko huo, na kilowati 100 zinashuka hadi Sh8,700,000. Tofauti ya Sh3,300,000, kwa sababu ya mstari mmoja! Na hata hiyo ni makisio, kwani hakuna aliyemuuliza muuzaji bei ya kilowati 100. Wanakijiji ndio watakaoilipa kwenye tokeni.

Kuna wanaojitetea ati kompyuta ndiyo inayotafuta saizi bora. Inatafuta miongoni mwa saizi ulizoiandikia, ndugu yangu. Ukiandika jenereta ya 50 na 100 bila kuweka 0, haitakuambia kamwe kwamba jenereta haihitajiki. Ukiiachia itafute yenyewe, bado inategemea bei zako zile zile.

Halafu matengenezo. Ya paneli huandikwa kwa mwaka, ya jenereta kwa kila saa inayonguruma. Nimeona ripoti ambapo gharama ya mwaka mzima ilitiwa kwenye kisanduku cha saa. Sola ikashinda, bila shaka! Hata punda angeishinda jenereta hiyo.

Na ile riba ya asilimia 8 inayokuja na HOMER Pro, nani aliwaambia ni ya Kenya? Februari 2024 Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 13, na hiyo si ya mkopo wako, ni msingi tu. Mwezi mmoja kabla, dola ilikuwa imefika karibu Sh160.

Ukitaka nikague faili lako, niambie kwanza bei umezitoa duka gani na tarehe gani. Ukijibu "nilizikuta humo", silifungui.