Amenawiri, Lakini Anapumuaje?

Tukirudi likizo parokiani, akina mama hutupokea kwa maneno yale yale: "Frateri, umenawiri! Kumbe huko seminarini mnakula vizuri." Tunacheka, tunashukuru, na sahani inajazwa tena. Kwetu unene umekuwa cheti cha maisha mazuri. Padri akikonda, waamini huanza kuulizana kama anatunzwa. Akiota kitambi, hakuna anayeuliza kitu.

Sisi tunaona swali lipo: anapumuaje?

Bwenini tulikuwa na mwenzetu aliyekoroma sana. Tulimpa jina la utani, Trekta, naye alicheka pamoja nasi. Usiku mkoromo ulikatika ghafla, kukawa kimya, kisha akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mchana alisinzia darasani, tukamwita mvivu. Akipanda ngazi, alisimama katikati kutafuta pumzi. Alipokwenda kupimwa, aliambiwa kwamba pumzi yake hukatika mara nyingi usingizini, na kwamba uzito wake unachangia. Kumbe kwa miaka miwili tulikuwa tunaucheka ugonjwa.

Maelezo yake si magumu. Mafuta yaliyojaa tumboni husukuma kiwambo kwenda juu, mapafu yakakosa nafasi ya kutanuka. Mafuta ya shingoni huibana njia ya hewa pale misuli ya koo inapolegea usingizini. Tena mafuta ya mwilini hayakai tu kama mzigo. Hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, na hiyo ni sababu mojawapo ya pumu kuwa kali zaidi kwa wenye uzito mkubwa. Mwaka 2019, watafiti wa Perth, Australia, walitangaza matokeo ya kuchunguza mapafu ya watu 52 waliofariki, wenye pumu na wasio nayo. Walikuta mafuta ndani ya kuta za njia za hewa zenyewe, na kadiri mtu alivyokuwa mnene ndivyo mafuta hayo yalivyozidi.

Wapo watakaosema: huo ni ulafi tu, ajizuie. Sisi tunaojifunza falsafa tunafundishwa kutofautisha sababu na tokeo, na hapa viwili hivi vinazunguka. Anayekosa pumzi hawezi kukimbia. Asiyekimbia huongezeka uzito. Usingizi mbovu huongeza hamu ya kula. Hata baadhi ya vidonge vya kutuliza pumu, vikitumiwa muda mrefu, hunenepesha. Anayemhukumu mtu mnene na anayemsifia kwamba amenawiri wanakosea kwa namna moja: wote wawili wanatazama tumbo, wala hawasikilizi pumzi.

Aristoteli, alipoeleza maana ya kiasi, alitoa mfano wa chakula. Alisema kipimo kinachomfaa Milo, mpiganaji mieleka mashuhuri, kingekuwa kikubwa mno kwa anayeanza mazoezi. Kiasi si nusu ya sahani kwa kila mtu. Ni kile kinachomfaa mtu huyu, katika hali yake hii. Ukarimu unaorundika mlima mmoja wa wali kwa kila mgeni, na kununa mgeni akibakiza, haumtazami mgeni.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo machache. Bwaloni, mboga na matunda visiwe pambo la sikukuu. Katika karamu za upadirisho na jubilei, maji yawekwe mezani pamoja na soda, na anayesema "nimeshiba" aaminiwe. Michezoni, tusiwaache benchi wanaochoka upesi; wawepo wa kutembea nao polepole. Mwenzetu akikoroma hadi pumzi inakatika, au akihema kwa kazi ndogo, tumsindikize kwa daktari kabla ya kumtungia jina. Na wembamba wasijidanganye: sigara na moshi wa kuni huharibu mapafu bila kumwangalia mtu unene wake.

Mwenzetu yule sasa hutembea nasi kila jioni. Mwanzoni tulimwacha nyuma. Siku hizi tumejifunza kupunguza mwendo. Trekta hatumwiti tena, ingawa msamaha tulichelewa kuuomba.

Nanyi mama zetu, mkituona tumenawiri, asanteni kwa upendo. Ila kabla ya kuongeza upawa, tuulizeni kwanza kama tunalala vizuri.