Damu Huanza na Jina

Wengi wetu hudhani kwamba kazi ya kupima damu huanza kwenye hadubini. Sivyo. Huanza na jina. Kichupa kikiandikwa jina lisilo lake, hata mashine iliyo bora kabisa itatoa jibu sahihi la mtu mwingine.

Mimi ni mwanaisimu, wala sidai ujuzi wa maabara. Lakini majina na maswali ni mali ya taaluma yangu, na hapo ndipo ninapoiona hatari. Tuutazame mtaa wa Obunga hapa Kisumu. Wajaluo wengi huitwa kwa wakati waliozaliwa: Akinyi ni wa asubuhi, Achieng' wa jua linapowaka, Adhiambo wa jioni, Atieno wa usiku. Nyakati za siku ni chache, watoto ni wengi. Si ajabu, basi, akina Akinyi Otieno wawili kuketi kwenye benchi moja wakingoja kutolewa damu.

Mhudumu akiuliza, "Wewe ndiwe Akinyi?" anayetetemeka kwa homa atajibu "Ndiyo," wala hatakuwa amesema uongo. Swali la namna hiyo hubeba jibu lake ndani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 kuhusu utoaji wa damu unataka mgonjwa aombwe ataje mwenyewe jina lake kamili. Hapana budi aongeze tarehe ya kuzaliwa au namba ya hospitali, na kichupa kiandikwe papo hapo mbele yake. Kuandika vichupa vitupu mapema, au vilivyojaa baadaye mezani, ni kujitegea mtego.

Makundi ya damu, ambayo Karl Landsteiner alianza kuyaeleza mwaka 1901, hayana msamaha. Katika ukanda huu wa ziwa, malaria na selimundu huwafanya watoto wengi wahitaji kuongezewa damu. Mtoto wa kundi O akitiwa damu ya kundi A kwa sababu ya jina lililokosewa, anaweza kufa.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu, wafundisheni wanafunzi kutaja majina yao yote na tarehe ya kuzaliwa, na kuomba kuona kilichoandikwa kabla kichupa hakijaondoka. Huko si kumkosea daktari adabu. Ni kumsaidia kazi.